Betri Ilipokufa, Redio Ikanikana

Nilirejea kutoka Lamu Jumatatu moja alasiri nikalikuta gari langu limekufa. Nilikuwa nimeliacha juma zima Ngomeni, karibu na kuta za Fort Jesus, mahali ambapo baadhi yetu wakazi wa Mji wa Kale hulaza magari yetu. Vichochoro vya Kibokoni vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, na gari linalothubutu kuingia huko hulazimika kutoka kinyumenyume huku wenye mabaraza wakitoa maoni yao. Nikatia ufunguo, nikazungusha. Kimya.

Kosa lilikuwa langu. Mlango wa buti sikuufunga sawasawa, na taa ndogo iliyo mle ndani ilikuwa imewaka usiku na mchana. Taa yenyewe ni ya wati 5, haitoshi hata kumsomea mtu gazeti, lakini fundi alinipigia hesabu baadaye. Wati 5 kwa betri ya volti 12 ni kama ampea 0.4, na ukizidisha kwa saa 24 wapata karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri ya gari dogo kama langu hubeba ampea-saa 40 au 45. Siku nne au tano zatosha kuikausha. Mimi niliiacha siku saba.

Vijana waliokuwa wakinywa kahawa wakaja mbio kusukuma. "Mzee, tia gia ya pili, ukisikia twaenda achia kilachi!" Nikawaambia gari ni la otomatiki, halina kilachi, na lisukumwe hadi Changamwe halitawaka. Wakanitazama kwa huruma wakarudi kwenye kahawa yao. Zama za Peugeot 404, vijana wanne na mteremko mdogo ndio waliokuwa karakana.

Basi nikaita fundi kutoka upande wa Mwembe Tayari. Akaja na betri mpya juu ya bodaboda, akafungua taminali, akatoa ya zamani, akafunga mpya. Gari likawaka mara moja. Nikamlipa, nikakaa kitini nikamsubiri bibi aseme.

Wenye magari yaliyotoka Japani watanielewa nikisema kwamba ndani ya gari langu anakaa bibi. Kila asubuhi, tangu gari liliposhuka Kilindini mwaka 2017, nikiliwasha tu husema maneno yake kwa adabu, kama mtu anayekaribisha wageni. Watoto wangu walishayahifadhi. Mimi nilikuwa na desturi ya kumjibu, "Marahaba." Ilipita miaka kabla sijaambiwa kwamba hanisalimu. Anasema kadi ya ETC haijatiwa, yaani ile kadi ambayo madereva wa Japani hulipia barabara zao kuu. Muda wote huo bibi wa watu ananidai ada ya barabara nisiyopata kuiona.

Siku hiyo bibi hakusema. Kioo cha redio kilitoa mistari miwili ya maandishi ya Kijapani na chini yake tarakimu kuanzia 0 hadi 9, zimepangwa kama za simu. Binti yangu akaelekeza simu yake pale, nayo ikatafsiri: redio imefungwa kwa usalama, tia namba ya siri.

Namba ya siri gani? Gari nilinunua mimi. Ushuru nililipa mimi. Kila karatasi ya gari lile ina jina langu, na kwa Serikali ya Kenya hapana shaka yoyote kwamba mwenyewe ni mimi. Redio tu ndiyo haikuarifiwa.

Fundi wa betri alikuwa hajaenda mbali. Akachungulia dirishani. "Hiyo itoe tu, mzee. Nikutilie skrini ya Android, elfu kumi na nne, saa moja nimemaliza." Na kwa kweli ushauri wake haukuwa mbaya. Redio hizi za Kijapani zina taabu zake huku kwetu. Japani ilipangia matangazo yake ya FM masafa ya 76 hadi 90, baadaye wakasogeza hadi 95, ilhali yetu ni 88 hadi 108. Ndiyo maana mafundi huchomeka kisanduku kidogo nyuma ya redio ili kiyashushe masafa. Kisanduku changu hushusha 18, kwa hivyo kituo cha 103 husomeka 85, na mgeni akitafuta stesheni ndani ya gari langu hupotea. Ramani yake haijui Afrika kabisa. Nikiwa katikati ya Barabara ya Digo, yeye hunionyesha nimo baharini. Mtu mwenye akili zake angeiondoa redio hiyo siku ya kwanza.

Nilimwambia fundi aniache kwanza.

SAUTI

Mwaka 1986 mamangu mdogo aliolewa, na arusi ikafanywa Kibokoni. Usiku wakina mama walitoka na vugo, zile pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti huku wanawake wakiimba. Mamangu ndiye aliyekuwa akitangulia na wenzake wakiitikia. Jirani mmoja alikuwa na redio-kaseti kubwa aliyoletewa kutoka Ghuba, akaiweka dirishani ikanasa karibu nusu saa.

Wakati huo Mombasa ilikuwa mji wa kaseti. Mwimbaji aliimba arusini usiku, na haikuchukua siku nyingi kanda ikawa mitaani. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, wengi wetu tuliwajua zaidi kwa kaseti kuliko kwa macho. Pale Pigott Place palikuwa na duka la Mbwana Radio Service. Jina lilikuwa la duka la redio, lakini watu walikwenda kununua kanda za taarabu. Kaseti yetu haikuwa ya duka. Ilikuwa ya nyumbani, sauti za wanawake walioimbiana wao kwa wao, nayo ilikaa ndani ya kabati la mamangu, chini ya kanga.

Mwaka 2018 nikapeleka kaseti hiyo kwa kijana mmoja akaihamisha kwenye CD. Nilifanya hivyo wakati wa mwisho, kwani hewa ya bahari ilikuwa imeiotesha ukungu, na baada ya kupigwa mara ile moja kanda ilikatika. CD nikaitia katika redio ya gari. Redio yangu ina diski ndani kama ya kompyuta. Ukiipa CD huinakili yenyewe na kuziweka nyimbo ghalani mwake. Nilipolinunua gari nilikuta humo nyimbo nyingi za Kijapani, za yule mtu wa kwanza, na sikuzifuta. Mmoja ni wa bibi mwenye sauti nzito na kinanda cha nyuzi, na mamangu alipousikia mara ya kwanza aliniambia, "Huyu yuwalia kwa mumewe." Sijui alijuaje.

Mamangu alifariki mwaka 2019. CD niliisahau juu ya dashibodi, na msomaji anayelijua jua la Mombasa la mwezi wa Februari hahitaji kuambiwa ilivyokuwa. Sikujali sana wakati huo. Niliamini kwamba sauti imo garini, imehifadhika. Jambo nisilolijua ni kwamba waliotengeneza redio hizi waliogopa wizi wa nyimbo, hivyo waliijenga diski yake ipokee tu. Kinachoingia ghalani chaweza kupigwa kikasikika, lakini hapana pa kukichomoa kikaenda kwingine.

Na wiki mbili kabla ya safari yangu ya Lamu, dada yangu aliyeko Maskati alinipigia simu. Binti yake anaolewa. Usiku wa hina alitaka wasikie sauti ya bibi yao. "Usiwe na shaka," nilimwambia. "Iko garini."

KOMEO

Nyuma ya Marikiti kuna mzee mmoja anayetengeneza redio tangu mimi nikiwa mtoto wa chuoni. Chumba chake ni chembamba kama jahazi, na ukutani zimeninginia spika zilizotobolewa matumbo. Nilimkuta amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Wewe ulijaribu kutia namba?" akaniuliza.

Nikakiri. Nilitia sufuri nne. Nikatia 1234. Nikatia mwaka wangu wa kuzaliwa, kana kwamba Mjapani yule alinijua.

"Mara tatu. Basi hapo simama, usiguse tena. Redio hizi huhesabu."

Akanieleza kwamba makosa ya namba hayasamehewi sawa katika redio zote. Kwenye redio nyingi za Volkswagen, ukikosea mara mbili kioo huandika SAFE, na huna budi kuiacha imewashwa saa nzima bila kuigusa ndipo ikupe nafasi nyingine. Honda hutaka tarakimu tano, na namba hiyo huandikwa katika kijikaratasi kinachotolewa na gari likiwa jipya. Kijikaratasi hicho ndicho shida yenyewe. Gari huja Mombasa na karatasi za forodha, za ukaguzi na za meli, lakini karatasi ya redio hubaki katika droo ya mtu huko Nagoya.

"Lakini kwa nini, Ami?" nikamuuliza. "Mimi nimetia betri tu."

"Redio ina nyaya mbili za moto," akasema. "Kwa kawaida mmoja ni mwekundu, na huo hupata moto ukifungua swichi. Wa pili ni wa manjano. Huo una moto usiku na mtana, hata gari likilala. Kazi yake ni kulisha kumbukumbu: saa, stesheni, na ile alama ya kwamba mimi ningali garini mwangu. Ukikatika wa manjano, redio haijui kama ni betri imekufa au ni mwizi ametia kisu. Kwake yote ni mamoja. Hujifunga."

Nikamlaumu yule fundi wa betri. Mzee akatikisa kichwa. Betri yangu ilikuwa imekauka kabisa, akasema, na kumbukumbu ilikwisha kupotea kabla taminali hazijaguswa, kwa hivyo nisimsingizie mtu. Betri iliyochoka tu ni jambo jingine. Huwa haina nguvu ya kuzungusha stata, lakini bado ina ile nguvu ndogo ya kulisha redio. Fundi mwangalifu huunganisha betri ya pili kwa nyaya kwanza, ndipo aifungue ya zamani, ili ule wa manjano usilale njaa hata dakika moja.

Kisha akasema neno ambalo nimelifikiri sana. "Nyumba zetu hizi wazijua. Mlango una kufuli ya nje na komeo la ndani. Kufuli ya nje hata ikipotea ufunguo, seremala yuko. Komeo lataka mtu aliye ndani. Redio yako imetiwa komeo, na aliyelitia hayumo."

Si redio zote za Kijapani zinazotiwa komeo hilo. Nyingi huamka baada ya betri mpya kama kwamba hapakuwa na jambo, zimesahau saa tu. Ya kwangu ilifungwa kwa sababu mwenyewe wa kwanza alichagua kuifunga. Siku mbili nilizokuwa nikingoja nilimfikiria mtu huyo. Alikuwa mwangalifu, aliogopa wezi, alipenda nyimbo za huzuni.

LOGIBUKU

Kabla hajaigusa redio yangu mzee alinyoosha mkono. "Niletee logibuku."

Nasema kweli, niliona haya, na nikaudhika kidogo. Ananijua, babangu alikuwa akimjua. Lakini akaniambia pasipo kupepesa, "Kila ajaye hapa na redio iliyofungwa betri yake imekufa. Hata yule aliyekuja nayo mkononi imefungwa kwa gazeti, nyaya zimekatwa, akaniambia Ami, betri imekufa. Huyo nilimkatalia. Wewe nikikufungulia bila karatasi, yule nilimkatalia kwa nini?"

Waliokuwa vijana miaka ya themanini na tisini watakumbuka mambo yalivyokuwa. Wizi wa redio za magari ulienea Ulaya na huku kwetu pia, na watengenezaji wakabuni kila namna. Kulikuwa na redio za kuchomoa, zenye mkono kama ndoo, na mtu alishuka garini akaenda arusini ameibeba redio yake, nusu kwa hofu na nusu kwa maringo. Zikaja za kubandua uso. Kijana husimama safu ya mbele msikitini na uso wa redio umemvimba mfukoni mwa kanzu. Namba za siri zikaenea katika miaka hiyo, na wazo lake lilikuwa la busara: usimzuie mwizi kuichukua, fanya atakapoichukua isimfae. Lakini redio haikufundishwa kwamba gari laweza kuuzwa, likapanda meli, likashuka bara nyingine kwa halali.

Nikaenda nyumbani nikaleta logibuku. Akaisoma yote, mbele na nyuma, kisha tukaenda garini.

Palikuwa na njia mbili, akanieleza. Kuna wanaoifungua kwa kuifuta. Ni rahisi, redio huamka kama iliyotoka kiwandani, ila ghala huwa tupu. Wateja wengi hawajali, wao wataka stesheni tu. Njia ya pili ni kuitafuta namba kuu, ambayo hutolewa kwa hesabu kutokana na namba ya redio yenyewe. Akabonyeza vitufe kwa mpango wake, na nyuma ya ukurasa ule wa kufuli ukatokea mwingine ambao sikujua kama upo, wenye namba ndefu. Akanifanya niisome kwa sauti mara mbili huku akiandika. Yuko kijana mjini anayefanya hesabu hizo, bei yake shilingi 2,000, na hulipwa kabla. Nilimpigia dada yangu Maskati nikamwambia kuna kazi kidogo ya redio. Sikumwambia kwamba namba ikikosewa huenda tukaishia njia ya kwanza.

Siku ya tatu namba ikaja katika simu ya mzee. Akakaa kitini pa abiria, akavaa miwani yake miwili, akaitia tarakimu baada ya tarakimu, polepole, kama anayetunga sindano uzi. Alipofika ya mwisho akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Kioo kikawa cheusi, nami nikahesabu hadi saba. Halafu bibi akasema.

"Marahaba," nikamjibu. Mzee hakuniuliza kwa nini.

Tukatafuta ghalani. Nyimbo za Mjapani zilikuwapo. Chini yake kabisa lilikuwapo lile fungu lisilo na jina, na nilipoligusa zikalia pembe, halafu sauti ya mamangu ikatoka kwenye spika nne, kubwa, ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Milango ya gari ilikuwa wazi. Vijana wawili wa duka la jirani walikuwa wamesimama kutazama. Kabla mimi sijafikiri lolote, mzee alinyoosha kidole akaishusha sauti mpaka mwisho. "Hiyo ni ya kwenu," akasema. Akashuka, akafunga mlango wake, kisha akaja kufunga na wangu, na nikamwona akiwaambia wale vijana waende wakafanye kazi.

Aliporudi baadaye kudai malipo yake, ambayo hayakufika nusu ya bei ya ile skrini, alinionyesha ukurasa wa kuweka namba mpya. Akaniuliza kama nataka kutia yangu. Nikamwambia la, iache wazi.

Ilibaki kazi ya kuitoa sauti ghalani, na njia ilikuwa moja tu: kuipiga na kuinasa kwa simu, kama jirani yetu alivyoinasa dirishani mwaka 1986. Nikarudi Ngomeni, nikafunga vioo vyote, nikaweka simu juu ya kiti nikakaa kimya. Joto lilikuwa la tanuri. Mara ya kwanza muuza kahawa akapita karibu na dirisha akigonga vikombe vyake, na mgongo huo ukaingia katikati ya wimbo. Mara ya pili tukutuku ilisimama ubavuni dereva akanihoji kama natoka nimpishe. Mara ya tatu nilikwenda saa sita za usiku, na nikapata nusu saa safi isiyo na doa.

Nilizituma zote tatu Maskati, nikamweleza dada yangu kwamba ile ya tatu ndiyo nzuri. Alinijibu kesho yake. Akaniuliza kwenye ile ya kwanza ni nani anayegonga vikombe. Nikamwambia ni muuza kahawa, na kwamba asiihesabu hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nyingine nizifute nikitaka, hiyo ya vikombe ndiyo atakayoipiga usiku wa hina.